Irvin: Aliyevunjika mguu ili marubani wapate kuokoka

JUMATATU ya Aprili 28, 1919, kijana wa umri wa miaka 23 alipanda ndege ya kijeshi aina ya DH-9 katika uwanja wa McCook, mjini Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani. Mgongoni alikuwa amefunga mkoba uliosheheni kitambaa cha hariri. Ndege ilipofika kimo cha takriban futi 1,500, alijitupa nje.

Jina lake lilikuwa Leslie Leroy Irvin. Kuruka kutoka kwenye ndege hakukuwa jambo geni. Wengine walikuwa wamelifanya tangu 1912, na yeye mwenyewe alikuwa ameshalifanya. Tofauti ilikuwa moja tu: safari hii hapakuwa na kamba yoyote iliyomuunganisha na ndege. Parachuti ingefunguka iwapo tu yeye mwenyewe, akiwa angali anaporomoka, angeupeleka mkono kwenye mikanda yake na kuvuta kishikio.

Wataalamu wengi wa zama hizo walishikilia kwamba hilo haliwezekani. Waliamini kuwa mtu akianguka kwa kasi kutoka juu hupoteza fahamu, au angaa viungo vyake hufa ganzi, asiweze kuinua hata kidole. Kwa imani hiyo, parachuti nyingi zilitengenezwa zikiwa zimefungwa kwenye ndege kwa kamba ndefu. Mrukaji alipoanguka, kamba ilikazika, ikaichomoa hariri kutoka mkobani, naye hakutakiwa kufanya lolote.

Irvin alivuta kishikio. Hariri ikachanua juu yake, na alipofika kimo cha takriban futi 1,000 parachuti ilikuwa imefunguka kikamilifu. Fahamu zake zilikuwa timamu wakati wote. Kilichomponza ni ardhi: alitua vibaya akavunjika kifundo cha mguu. Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku hiyo aliyevunjika guu ndiye aliyekuwa na haki, na wakuu ndio waliokuwa wamekosea.

Irvin alizaliwa Septemba 10, 1895, mjini Los Angeles, California, jiji ambalo wakati wa ujana wake lilikuwa likigeuka kuwa makao ya filamu za Marekani. Tangu utotoni alivutiwa na mambo ya angani. Alikuwa na umri wa miaka 14 tu aliporuka kwa parachuti kwa mara ya kwanza.

Enzi hizo parachuti ilikuwa kitu cha maonyesho. Watu walilipa kiingilio kumtazama mwanasarakasi akipaa kwa puto, akining'inia kwenye bembea, kisha akijiachilia na kushuka kwa mwavuli. Irvin aliifanya kazi hiyo, na pia aliwahi kuigiza matendo ya hatari katika filamu. Mnamo 1914 aliruka kutoka kwenye ndege iliyokuwa katika kimo cha futi 1,000 kwa ajili ya filamu mojawapo.

Huenda ni kwa sababu hiyo wanajeshi walichelewa kuitilia maanani parachuti. Kilionekana chombo cha wachekeshaji, si cha askari. Ikumbukwe kwamba Mfaransa André-Jacques Garnerin alikuwa ameshashuka kwa parachuti kutoka kwenye puto jijini Paris mnamo Oktoba 22, 1797. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, bado kilikuwa chombo cha kuwafurahisha watazamaji siku za sherehe.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, gharama ya dharau hiyo ilionekana. Askari waliokaa ndani ya maputo ya kuchunguza maadui walipewa parachuti, kwa kuwa puto lilikuwa limejaa gesi inayowaka upesi na lilikuwa shabaha rahisi. Marubani wa Uingereza, Ufaransa na Marekani hawakupewa. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi: parachuti ni nzito, kiti cha rubani ni finyu, kamba zitanasa mkiani. Inasemekana pia kuwa baadhi ya wakuu walihofia rubani mwenye njia ya kuokoka angeitelekeza ndege mapema badala ya kupigana.

Ndege za wakati huo ziliundwa kwa mbao na kitambaa, na tangi la petroli lilikuwa karibu mno na rubani. Ndege iliposhika moto, rubani alibaki na mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili yalikuwa mauti. Mei 19, 1918, rubani mashuhuri Raoul Lufbery aliangamia nchini Ufaransa baada ya kutoka kwenye ndege yake iliyokuwa ikiteketea, bila parachuti.

Wajerumani waliwatangulia wenzao katika jambo hili. Mwaka huo wa 1918 walianza kuwapa marubani wao parachuti iliyobuniwa na Otto Heinecke. Juni 29, 1918, rubani wao Ernst Udet aliruka kutoka kwenye ndege iliyoharibika. Mikanda yake ilinasa kwenye usukani wa mkia, akahangaika hadi akajinasua, na parachuti ikafunguka akiwa amekaribia ardhi. Udet alinusurika, lakini kisa chake kilidhihirisha kasoro ya mtindo wa kamba. Ndege iliyopigwa haiendi kwa utulivu. Hupinduka, huzunguka kama pia, na kamba inayotoka ndani yake inaweza kujisokota popote.

Wakati huo Irvin alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Curtiss, mjini Buffalo, jimbo la New York. Mwaka wa 1918 alitengeneza parachuti yake mwenyewe, nayo ilikuwa ya mtindo ule ule wa kamba. Aliruka nayo mara kadhaa na kuipeleka kwa jeshi la Marekani. Ni vyema kulitaja hili kwa sababu wasimuliaji wengi hupenda kumchora kama mtu aliyeujua ukweli tangu awali. La hasha. Naye alianzia pale pale walipokuwa wenzake.

Jeshi lilikuwa limeunda kikosi kidogo cha utafiti katika uwanja wa McCook chini ya Meja Edward L. Hoffman. Kazi yao ilikuwa kuzikusanya parachuti zilizokuwapo, za Marekani na za ng'ambo, kuzijaribu, na kuchagua au kuunda iliyo bora. Miongoni mwao alikuwemo Floyd Smith, mtu aliyewahi kuwa mwanasarakasi kabla ya kuwa rubani, na ambaye mkewe Hilder pia alikuwa mrukaji. Smith ndiye aliyeshikilia zaidi wazo kwamba parachuti isifungwe kabisa kwenye ndege, bali ibebwe mwilini na kufunguliwa kwa mkono.

Kwa kweli palikuwa na ushahidi kwamba wazo hilo lingefaulu. Mnamo 1914, mwanamke mdogo wa umbo aliyejulikana kama Tiny Broadwick aliwaonyesha maafisa wa jeshi mjini San Diego jinsi ya kuruka kutoka kwenye ndege. Inasimuliwa kwamba katika mruko mmoja kamba yake ilinasa kwenye mkia wa ndege, na katika mruko uliofuata aliikata kamba hiyo na kuivuta kwa mkono wake akiwa hewani. Alitua salama. Hata hivyo, somo lililotolewa na mwanamke wa maonyesho halikuzingatiwa ipasavyo, na miaka mitano baadaye wataalamu walikuwa wangali wakijadili iwapo binadamu anaweza kuinua mkono anapoanguka.

Kikosi cha Hoffman kilitengeneza parachuti iliyokuja kuitwa Aina ya A. Ilikuwa na sehemu ambazo mrukaji wa leo angezitambua mara moja: mkoba wa mgongoni, mikanda inayopita mabegani na mapajani, waya wenye kishikio, na kiparachuti kidogo chenye springi kinachochomoka kwanza na kuivuta ile kubwa nyuma yake. Ilirushwa mara nyingi ikiwa na sanamu zenye uzito wa mtu. Lakini sanamu haina fahamu za kupotea. Swali lililobaki lilimhitaji mtu.

Ndipo Irvin akajitolea, na siku hiyo ya Aprili aliyeendesha ndege alikuwa Floyd Smith mwenyewe. Jambo la kutafakari ni kimo walichochagua. Futi 1,500 ni takriban mita 457 tu. Mrukaji wa leo mwenye leseni, anayeongozwa na kanuni za chama cha warukaji wa Marekani, hutakiwa awe amekwisha kuifungua parachuti yake akiwa bado yuko futi elfu moja au zaidi juu ya pale Irvin alipoanza kuanguka. Laiti wataalamu wangekuwa na haki, sekunde zilizobaki zisingemtosha hata kupata fahamu tena.

Jeshi liliridhika. Irvin, mguu ukiwa bado haujapona sawasawa, akapata agizo la kutengeneza parachuti 300. Mnamo Juni 1919 kampuni yake ikaanzishwa mjini Buffalo. Kwa mujibu wa masimulizi ya kampuni yenyewe, karani aliyeandaa hati aliongeza herufi moja kimakosa, na kampuni ikasajiliwa kwa jina Irving Air Chute. Mwenyewe hakujishughulisha kulirekebisha.

Mwezi huo huo wa Juni, McCook ilishuhudia msiba. Luteni Caldwell, Mwingereza, alikuja kuonyesha parachuti iliyojulikana kama Guardian Angel, iliyobuniwa na Everard Calthrop na ambayo ilikuwa ya mtindo wa kamba. Aliporuka, kamba ilinasa kwenye sehemu ya ndege ikakatika, naye akaanguka hadi ardhini na kufariki papo hapo. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala mrefu tena kuhusu ni mtindo upi ungefuatwa na marubani wa Marekani.

Sifa za ubunifu, hata hivyo, hazikugawanywa kwa haki. Hataza ya parachuti ile ilitolewa mwaka wa 1920 kwa jina la Floyd Smith, lakini leo hii ni wachache wanaomkumbuka. Irvin alikuwa na kiwanda, alikuwa na kipaji cha kuuza, na alikuwa na kisa cha mguu. Smith alikuwa na karatasi. Ni sahihi zaidi kusema kwamba Irvin hakuibuni parachuti ya mkono peke yake. Alichokifanya ni kuuweka mwili wake rehani ili ithibitike, kisha akaitumia maisha yake yote kuisambaza.

Kusambaza ndiko kulikokuwa na kazi. Marubani wenyewe, watu ambao parachuti ingewaokoa, hawakuitaka. Waliiona ni mzigo, na wengine waliiona ni aibu, kana kwamba kuivaa ni kukiri woga. Walipolazimika kuibeba waliikalia, maana punde si punde ilitengenezwa ya kuwekwa kitini mahali pa mto. Wakenya wanaokumbuka Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa na mikanda ya usalama ikawa lazima kwenye matatu, watawaelewa marubani hao bila maelezo zaidi. Wapo abiria waliokuwa wakiulaza mkanda mapajani bila kuufunga, almuradi askari wa trafiki aone kitu kinaning'inia.

Agosti 24, 1920, William O'Connor aliokolewa na parachuti ya Irvin hapo hapo McCook, wa kwanza kuokolewa nayo, ingawa wakati huo kitendo hicho hakikutambuliwa rasmi. Lililobadilisha mambo lilikuwa kifo. Mnamo Machi 1922, Luteni Frederick Niedermeyer aliangamia katika uwanja huo ndege yake ilipovunjika angani. Hakuwa amevaa parachuti. Parachuti zilikuwepo uwanjani, zimetengenezwa na kujaribiwa, lakini hazikumfaa kitu zikiwa rafuni. Baada ya msiba huo, amri ilitolewa kwamba marubani wa McCook wasipae bila kuzivaa.

Haukupita muda mrefu kabla ya amri hiyo kulipa. Ijumaa ya Oktoba 20, 1922, Luteni Harold Harris alikuwa akiijaribu ndege aina ya Loening, iliyokuwa imewekewa vidhibiti vipya kwenye mabawa, katika mapambano ya kuigiza na rubani mwenzake juu ya Dayton. Ghafla usukani ulianza kumtikisa kwa nguvu na mabawa yakaanza kupasuka. Harris alifungua mkanda wa kiti na upepo ukamfyonza nje.

Kilichofuata kinastahili kusimuliwa taratibu. Harris alijua kuwa lazima avute kishikio. Mkono wake haukufa ganzi na akili yake haikupotea, sawa na alivyothibitisha Irvin. Alitafuta, akashika chuma, akavuta. Hakuna kilichotokea. Akavuta tena, na tena. Mara zote tatu alikuwa ameshika kifungo cha mkanda wa mguuni. Alipokipata kishikio halisi alikuwa amebakiza takriban futi 500 tu. Parachuti ikafunguka, naye akatua kwenye mzabibu uliotambaa nyuma ya nyumba ya mtu mjini humo, akiwa na michubuko tu.

Harris anahesabiwa kuwa rubani wa kwanza wa Marekani kujiokoa kwa parachuti ya mkono kutoka kwenye ndege iliyoharibika. Wiki tatu tu baadaye, Novemba 11, 1922, Luteni Frank Tyndall aliokoka kwa njia hiyo hiyo mjini Seattle. Waandishi wawili wa gazeti la Dayton pamoja na mhandisi mmoja wa parachuti wa McCook waliona kuwa wa aina hii wataongezeka, wakapendekeza kiundwe chama chao. Kikaitwa Chama cha Viwavi, kwa sababu kiwavi ndiye anayefuma hariri ambayo uhai wa rubani ulining'inia, na pia kwa sababu huchana kifukofuko chake ili atoke.

Irvin alilikumbatia wazo hilo kwa moyo mkunjufu. Aliahidi kumpa kila aliyeokolewa na parachuti yake kipini cha dhahabu chenye umbo la kiwavi, jina la mhusika likiwa limechorwa nyuma. Sharti lilikuwa moja: mtu awe amelazimika kuruka ili kuponya maisha yake. Kuruka kwa hiari hakukuhesabiwa. Kwa kanuni hiyo, mruko wa Aprili 28, 1919 haukumstahilisha Irvin mwenyewe kuvaa kipini alichowagawia wengine.

Wapo watakaosema chama hicho kilikuwa tangazo la biashara lililovishwa joho la udugu, na hawatakuwa wamekosea kabisa. Lakini kilifanya jambo ambalo amri peke yake haikuweza. Kiligeuza aibu kuwa heshima. Rubani aliyekuwa akiona haya kubeba parachuti sasa aliwaona mashujaa wa taaluma yake wakivaa kiwavi kifuani. Charles Lindbergh, kabla ya kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka wa 1927 na kuwa mmoja wa watu maarufu zaidi duniani, alikuwa ameokolewa na parachuti mara nne, mbili mnamo 1925 na mbili 1926. Bila hariri, dunia isingelijua jina lake.

Katika miaka hiyo ilidhihirika pia kwamba kushona parachuti vizuri hakutoshi. Parachuti hukunjwa na binadamu, na mkunjo mmoja mbaya, kamba moja iliyopita mahali pasipofaa, huigeuza kuwa tita la nguo. Aliyeivaa hawezi kuikagua akiwa hewani. Huyaweka maisha yake mikononi mwa mtu ambaye yamkini hajawahi hata kumwona.

Jeshi la wanamaji la Marekani lilipoanzisha shule ya mafundi wa parachuti huko Lakehurst, New Jersey, mwaka wa 1924, liliitatua shida hiyo kwa njia isiyokuwa na maneno mengi. Mwanafunzi aliyehitimu alitakiwa kupanda ndege na kuruka kwa parachuti aliyoikunja mwenyewe. Ni vigumu kufikiria mtihani bora kuliko huo. Anayejua kwamba kesho yeye ndiye atakayening'inia kwenye kamba hizo, hana haja ya kusimamiwa anapozipanga.

Uingereza, iliyokuwa imewanyima marubani wake parachuti wakati wa vita, iliamua mnamo 1925 kuzinunua za Irvin kwa ajili ya jeshi lake la anga. Mwaka uliofuata Irvin alifungua kiwanda mjini Letchworth, kaskazini mwa London. Juni 17, 1926, afisa kijana Eric Pentland aliruka kutoka kwenye ndege aina ya Avro iliyokuwa ikizunguka bila kudhibitika huko Sealand, akawa wa kwanza katika jeshi hilo kuokolewa na parachuti ya Irvin. Mataifa mengine yalifuata. Katika miaka ya 1930 Irvin aliwatengenezea marubani pia jaketi nene la ngozi ya kondoo la kuwakinga na baridi kali ya juu, na hata leo wakusanyaji wa mavazi ya kale huliita kwa jina lake.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mnamo 1939, hali ilikuwa tofauti kabisa na ile ya 1914. Hakuna rubani aliyeuliza kama atapewa parachuti. Irvin alikuwa Uingereza wakati wa vita hivyo, na kiwanda cha Letchworth kilifanya kazi bila kupumzika. Sehemu kubwa ya kazi ya kushona na kukunja ilifanywa na wanawake, wengine viwandani na wengine katika kikosi cha wanawake cha jeshi la anga. Walikunja juu ya meza ndefu, kamba baada ya kamba. Historia imeyahifadhi majina ya marubani waliookoka, ila ya wengi wa wanawake hao haikuyahifadhi.

Barua za kuomba uanachama zilimiminika. Baadhi zilitoka katika kambi za wafungwa wa vita nchini Ujerumani, ambako watu waliokuwa wameruka kutoka kwenye ndege zinazoungua walichukua karatasi zao chache na kumwandikia mtengenezaji wa parachuti kumjulisha kwamba wako hai. Vita vilipomalizika mwaka wa 1945, chama kilikuwa na wanachama zaidi ya 34,000. Waliookolewa na parachuti za Irvin kwa jumla wanakadiriwa kufikia 100,000, kwa kuwa si wote walioandika.

Amani iliporejea, kuruka kwa parachuti kulianza kuwa mchezo wa raia, na hapo suala la kanuni lilizuka upya kwa sura nyingine. Rubani wa kijeshi huruka kwa kulazimika, pengine mara moja maishani. Anayecheza huruka kwa kupenda, tena mara nyingi kwa siku moja. Parachuti moja haikutosha. Kwa mujibu wa kanuni za usafiri wa anga za Marekani, mrukaji hubeba mbili katika mikanda ile ile, ya kawaida na ya akiba. Ya kawaida anaweza kuikunja mwenyewe, lakini ya akiba lazima ikunjwe na fundi mwenye cheti, na ikipita siku 180 bila kutumiwa hufunguliwa, hukaguliwa na kukunjwa upya.

Anayetaka kuwa mkufunzi wa kuruka na mgeni aliyefungwa kifuani pake, jambo ambalo limewahi kuwavutia watalii hata katika ufuo wa Diani, huwekewa masharti mazito zaidi chini ya kanuni hizo za Marekani. Awe na uzoefu wa miaka mitatu katika mchezo huo. Awe ameruka angaa mara 500 kwa parachuti yenye umbo la bawa. Awe na leseni ya ngazi ya juu, na awe amefuzu mafunzo ya chombo hicho mahususi. Isitoshe, parachuti yao ya akiba lazima iwe na kifaa kinachoifungua chenyewe endapo mkufunzi atashindwa kuvuta.

Kifaa hicho kinaleta kejeli ndogo. Wale wataalamu wa 1919 hawakuwa wajinga moja kwa moja. Mtu huweza kupoteza fahamu angani, si kwa sababu ya kuanguka bali kwa kugongana na mwenzake au kwa maradhi ya ghafla. Aidha, wapo wanaosahau kimo kwa raha ya kuelea. Irvin alithibitisha kuwa mkono unaweza. Hakudai kwamba hautashindwa kamwe.

Kosa la Harris nalo halikusahaulika. Kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kupanda ndege, mkufunzi humsimamisha ardhini akiwa amevaa mikanda na kumrudisha kwenye zoezi lile lile mara nyingi: tazama kishikio, kishike, vuta. Macho kwanza, mkono baadaye. Laiti Harris angelifundishwa hivyo, hangevuta kifungo cha mguuni mara tatu huku paa za nyumba za Dayton zikimkaribia.

Idadi ya vifo inaonyesha tofauti iliyoletwa na vyombo bora na ukali wa mafunzo. Katika miaka ya 1970, warukaji zaidi ya 40 kwa wastani walikufa kila mwaka nchini Marekani. Mwaka wa 2023 walikufa 10, ilhali miruko ya mwaka huo ilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni tatu na nusu.

Irvin hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Kampuni yake iliendelea kupanuka baada ya vita, ikatengeneza hata mikanda ya usalama ya magari na kamba za kubebea mizigo. Alifariki Oktoba 9, 1966, mwezi mmoja baada ya kutimiza umri wa miaka 71. Ile herufi iliyoongezwa na karani mwaka wa 1919 ilidumu katika jina la kampuni hadi 1970, miaka minne baada ya mwenye jina kuaga dunia, ndipo hatimaye ikaondolewa.